Gari la Viti Viwili

Saa saba na dakika kumi mchana ndipo siku ile ilipogeuka. Naikumbuka dakika yenyewe, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuzima injini ya gari langu na nilikuwa naandika saa zake kwenye daftari. Gari lile dogo lilikuwa na kisaa kinachohesabu muda ambao injini imefanya kazi, na kitabu chake kilielekeza oili ibadilishwe kwa kufuata kisaa hicho. Niliandika: 612. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi niliposikia Masika, jirani yetu wa upande wa chini, akiita jina la mke wangu. Aliita mara mbili. Mara ya tatu hakuwa anaita tena, alikuwa anapiga yowe.

Nitakueleza alichokiona. Lakini kwanza nikueleze habari ya gari, maana bila gari hutalielewa kosa.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, na shamba langu la kahawa lilikuwa hapa hapa lilipo leo, kwenye mteremko juu ya Kisinga, mahali ambapo ukiiacha barabara iendayo Bwera, mpakani mwa Congo, unapanda njia ambayo lori halithubutu. Shule niliiacha darasa la saba. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe: kupima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, kusoma Kiingereza kwa kamusi iliyopoteza kurasa zote za herufi A, kufungua pampu na kuifunga tena bila skrubu kubaki mkononi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Huanza kuamini kwamba kitu asichoweza kukipima hakipo.

Gari nililinunua kwenye kambi moja ya watalii upande wa mbuga, wenyewe walipokuwa wanafunga na kuuza vyombo vyao. Si pikipiki na si pikapu. Lina usukani, viti viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, paa la mabomba, na nyuma kisanduku cha mizigo unachokiinua kumwaga kama tipa. Magurudumu yote manne yanavuta. Watu wa kwetu waliliita Kamotoka, yaani kigari, na jina likakaa.

Kitabu chake nilikisoma miezi miwili, jioni kwa jioni. Kilisema ni gari la kazi nyepesi. Kisanduku kisizidi kilo mia na themanini. Mtu asikae nyuma. Nguvu ya injini hupita kwenye mkanda wa mpira, na mkanda ukilemewa huungua, na mwingine haukupatikana Kasese wala Bwera. Kilo mia na themanini ni magunia matatu ya kahawa kavu. La nne sikulipakia hata siku moja, hata mvua ilipokuwa imening'inia juu ya milima na magunia yako nje. Nilijisifu kwa hilo, na sifa ile sikuwa nimeiiba.

Sasa habari ya machela. Kila kilima kwetu kina kikundi chake. Machela yetu ni ya mianzi na kamba, na ilikuwa ikining'inia ukutani kwa Mzee Baluku, mwenyekiti. Mgonjwa akizidiwa, filimbi hupulizwa mara tatu na kila anayeisikia huangusha jembe. Wanne hubeba, wanne hupokezana nao, wanne hutangulia kuondoa mawe na kubeba blanketi na chakula. Watu kumi na wawili. Mpaka hospitali bondeni ni mwendo wa saa tatu. Kila nyumba hutoa mchango wa mwezi, wakati huo shilingi elfu mbili tu, na bega moja, na kanuni ya kwanza ni hii: bega halitumwi. Huwezi kutoa mbuzi mahali pa bega lako, wala pesa, wala mfanyakazi.

Mimi, Kule kwa jina, nilijitoa kikundini. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye baraza ya kanisa, nikiwa na karatasi mkononi.

"Nimepiga hesabu," nikawaambia. "Mwaka uliopita nimebeba mara tisa. Siku tisa za kazi. Nikiugua mimi au mke wangu, gari lipo. Sioni ninachopata hapa."

Thembo, ambaye tulikua pamoja, akageukia wenzake. "Mmesikia? Kule ameoa mke wa pili. Ana mataili manne na hajui kupika!"

"Na akikasirika, anatoa moshi," mwingine akaongeza, na baraza zima likacheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Mzee Baluku hakucheka. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Beni na Butembo, upande wa Congo, na alipokasirika aliacha Kikonzo chetu akahamia Kiswahili cha huko, kama mtu anayechukua panga jingine lenye makali zaidi.

"Weye Kule, sikia. Machela haiko ya kubeba mugonjwa tu."

"Ni ya kubeba nini basi, mzee?"

"Iko ya kubeba batu."

Nilidhani ameishiwa hoja. Mgonjwa si mtu? Nikakunja karatasi yangu. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami methali hiyo niliijua tangu shuleni. Kuijua methali na kuitii ni mambo mawili, mwanangu.

Biira, mke wangu, alinikuta jioni nikipaka grisi magurudumu.

"Umeondoa bega lako," alisema. "Sawa. Na mimi uliniuliza?"

"Gari ni letu wote wawili."

"Gari lako lina viti viwili. Siku nikienda kujifungua, mama yangu atakaa wapi?"

"Nyuma. Kilo mia na themanini zinatosha mama yako wawili."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa na hatukuwa na mtoto, na alikuwa bado anasema "siku nikienda", hakusema "kama". Kisha akaacha kucheka, akasema kwa upole, "Lakini hukuniuliza." Akaingia ndani.

Miezi ikapita. Zamani kahawa yetu ilishuka vichwani, watu kumi na watano katika mstari, leo kwangu, kesho kwa Thembo, na mstari ulikuwa na nyimbo, uongo na matusi ya utani kutoka juu mpaka barabarani. Sasa nilishuka mimi na injini. Nilifika barabarani kwa dakika kumi na nane bila kusalimiana na mtu, na niliandika zile dakika kumi na nane kwa furaha. Filimbi ilipolia niliendelea kupogoa. Watu waliacha kupitia kwetu kuomba moto au chumvi. Hawakuninunia, walikuwa tu wanapita njia nyingine, ile ya watu wanaotembea kwa miguu. Biira ndiye aliyekuwa akienda kwa majirani. Mimi nilibaki na kitabu changu, na sikujua kwamba nimeachwa, kwa kuwa aliyeacha ni mimi.

Basi, saa saba na dakika kumi. Masika alikuwa amemkuta Biira amelala kando ya vichanja vya kukaushia kahawa, jasho linamtoka, mikono juu ya tumbo. Alikuwa na mimba changa ambayo sisi wawili tu tulikuwa tunaijua. Baadaye daktari alinieleza kwamba ilikuwa imetunga mahali pasipo pake, ikapasuka, na damu ilikuwa inavujia ndani.

Sikuchanganyikiwa. Nilimkalisha kwenye kiti cha pili, nikamfunga kwa leso mbili ili aniegemee. Masika akashika bomba la paa, akataka kupanda nyuma.

"Hapana, dada. Kitabu kinakataza mtu kukaa nyuma. Na mteremko unaujua."

Wakati huo filimbi ilikuwa imeshapulizwa. Nani aliipuliza sijui. Wanaume wakatokea migombani na machela, saba kwanza, kisha wengine, matope yamewafika magotini. Thembo alikuwa mbele.

"Rudini tu, ndugu zangu," nikasema. "Gari lipo. Asanteni."

"Tukufuate?"

"Ya nini? Mtakuwa hamjamaliza mteremko wa kwanza, mimi nimeshafika."

Nilisema kweli. Waliiweka machela chini. Nilipogeuka kwenye kona ya kwanza walikuwa bado wamesimama pale pale, hakuna aliyeinama kuiokota.

Kamotoka halikunikosea kitu. Lilishuka kwa gia ya chini, halikuteleza, mkanda haukunuka. Tulipofika barabara ya chini Biira alifungua macho, akatazama upande wangu, kisha nyuma.

"Kule," akasema, "mbona tuko wawili tu?"

Nilidhani ni maumivu yanayosema. Nikamjibu, "Tunakaribia."

Tulifika saa nane na dakika tano. Walimpokea mara moja na kumpeleka chumba cha upasuaji. Muuguzi mmoja akanifuata uani, mama mfupi aliyekulia kambi za jeshi, baba yake askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Wewe ni nani yake?"

"Mume wake."

"Damu ya kundi lake tumempa yote iliyokuwepo. Anahitaji nyingine. Watu wenu iko wapi?"

"Nimekuja na gari."

"Sikuuliza gari. Nimeuliza watu."

"Niko peke yangu."

Akatazama nyuma yangu, kwenye geti. "Mmetoka mlimani? Watu wa mlimani huwa wanakuja kumi, kumi na tano, mpaka tunawafukuza uani. Leo moja? Haya, lete mkono wako."

Damu yangu haikumfaa. Pale uani alikuwepo askari mmoja aliyemleta mtoto wake mwenye homa. Alisikia, akakunja mkono wa shati bila kuulizwa. Nikamwambia, "Asante, afande." Akasema, "Usinishukuru, bado hawajapima." Yake nayo haikufaa. Nikazunguka kwa wengine, lakini kila mmoja alikuwa analinda mgonjwa wake. Wawili walikubali, na hawakufaa.

Nikatoa simu. Mwanangu, nisikilize hapa. Simu yangu ilikuwa na namba thelathini na tisa. Wanunuzi wa kahawa wa Bwera, fundi wa Kasese, muuza vipuri wa Kampala, mtu wa mbolea. Namba ya mtu wa kilima chetu haikuwemo hata moja. Hatukuwa na haja nazo. Tulikuwa na filimbi. Namba zao alikuwa nazo Biira, na simu yake ilikuwa mezani nyumbani. Alikuwemo tu kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi Hima. Nikampigia, akasema anakuja, na Hima si hapa.

Saa nane na dakika arobaini nilianza kupanda tena, kiti cha pili kikiwa kitupu, leso mbili zikiwa bado zimefungwa kwenye bomba. Safari ile niliifanya peke yangu, na kwa namna fulani sijaimaliza mpaka leo.

Nilimkuta Mzee Baluku kwake na watu kumi na mmoja. Hawakuwa wamerudi mashambani. Machela ilikuwa katikati yao, juu ya majani. Nikawaeleza: damu, kundi, haraka. Wote wakasimama. Nami, mwanangu, kichwa changu kikaanza kufanya kile kilichozoea kufanya. Nikasema, "Mmoja akae mbele. Nyuma wawili, au watatu wembamba. Kilo mia na themanini." Nikaanza kuwatazama mmoja mmoja, mabega na matumbo yao.

Mzee Baluku akanishika kifundo cha mkono.

"Weye uko unapima batu kama kahawa?"

Hakuna aliyecheka. Akawageukia wengine. "Thembo, panda. Na weye, na weye. Bengine, miguu. Twende."

Watatu wakapanda na mimi. Tisa waliobaki wakainua machela, wakaanza kukimbia kwa njia ya mkato kuelekea bondeni, na Baluku, mzee wa miaka sitini na kitu, akiwa kati yao.

Tulifika saa kumi na dakika ishirini. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na alituona mbali. Hakuja kutulaki. Biira alikuwa ameondoka saa kumi kasoro dakika tano, wakati mimi niko mteremkoni nikishuka na damu ya watu watatu kwenye gari. Walimpima Thembo baadaye, kwa ombi lake mwenyewe. Kundi lake lilikuwa lile lile la Biira.

Nimepiga hesabu ya siku ile mara nyingi kuliko nilivyowahi kupiga hesabu yoyote. Kwa machela peke yake angefika saa kumi na nusu, na labda asingefika. Kwa gari alifika saa nane na dakika tano. Gari halikukosea. Lakini kama Masika angepanda nyuma na simu yake yenye namba za watu, kama Thembo angekaa kwenye kisanduku, kama ningewaambia wale wengine "tufuateni" badala ya "rudini", basi saa nane u nusu damu ingekuwa imeanza kupatikana. Labda. Ninaweka tarakimu hizi juu ya karatasi na jibu halitoki. Majuto ni mjukuu, walisema. Wangu amekuja, na ndiye pekee ninayelala naye nyumba moja.

Wale tisa walifika jua likielekea milima ya Congo. Walipoambiwa, walivua kofia. Kaka yake Biira alikuja muda mfupi baadaye akiwa bado na vumbi la kazini. Nikasema nitamrudisha Biira nyumbani kwa gari, njia ni ndefu na wamechoka. Mzee Baluku akajibu kwa sauti ndogo, "Tulikuya kubeba. Tutabeba."

Wakambeba. Gari nililiacha uani mwa hospitali, nikatembea nyuma yao. Kwenye kivuko cha kwanza, walipopokezana, nikasogea na kuweka mkono juu ya mwanzi.

"Hapana," akasema Baluku.

"Mzee, ni mke wangu."

"Hapana, Kule. Tembea tu."

Kikundi chetu kina kanuni kwamba mwenye kufiwa habebi. Kina kanuni nyingine kwamba aliyejitoa habebi. Mzee Baluku amekwishafariki, na sikuwahi kumuuliza alinikataza kwa ipi kati ya hizo mbili.

Baada ya arobaini nilikwenda kwake kuomba kurudi. Nilitegemea anisimange. Aliniletea kiti, akaniambia maneno ambayo sasa nakupa wewe kama alivyonipa, ingawa nayaweka katika Kiswahili cha kawaida: "Ulidhani tunabeba mgonjwa kwa sababu hakuna gari. Siku barabara na magari yatakapojaa hapa, bado tutabeba. Mgonjwa akifika hospitali akiwa na watu kumi na wawili, daktari anajua huyu ni mtu wa watu. Mgonjwa mwenyewe anajua. Hiyo nayo ni dawa. Wewe ulimpeleka haraka, ukamfikisha peke yake."

Walinirudisha. Gari ninalo bado, na siandiki haya kulilaumu. Hubeba kahawa yangu na ya majirani, magunia matatu, si manne. Filimbi ikilia mimi huwasha, na mgonjwa huketi pembeni yangu, na mtu mmoja au wawili hukaa nyuma kinyume cha kitabu, na wengine wote hushuka kwa miguu nyuma yetu. Wananisalimu vizuri. Wananitania kidogo, si kama zamani. Jioni kila mmoja hugeuka njia ya kwake, nami nageuka ya kwangu, na huko hakuna moshi unaotoka jikoni mpaka niwashe moto mimi.

Sina mtoto niliyemzaa, ndiyo maana nakuita wewe mwanangu, wewe unayesoma haya ukiwa na nguvu na fedha zako za kwanza. Naona mnanunua mashine: za kukoboa, za kupandisha maji, magari madogo kama langu. Nunueni. Someni vitabu vyake mpaka ukurasa wa mwisho, mheshimu uzito zinaouweza, mbadilishe oili kwa wakati. Lakini chombo kipya kisikufanye uwaambie watu "rudini". Usiache mbachao kwa msala upitao. Weka namba za majirani kwenye simu yako kabla ya za wanunuzi. Kabla hujaondoa bega lako mahali, muulize anayelala karibu nalo. Na mtu akishika bomba la gari lako akitaka kupanda, mpe nafasi, hata ikibidi kushusha mzigo. Jifya moja haliinjiki chungu, hata liwe la chuma.

Mungu akupe mikono ya kutengeneza na akili ya kupima. Akupe chombo cha kwenda haraka, na nyuma yake akupe watu wanaokufuata kwa miguu. Siku utakapoulizwa mlangoni umekuja na nani, geti lijae kwa ajili yako.

Mimi kwa miezi kumi na minne niliyokaa nje ya kikundi niliokoa mchango wa shilingi elfu ishirini na nane.